Bwana Amekusikia, Anashukuru

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliingia sebuleni na karatasi ya shule yenye misemo arobaini ya Kiingereza. Mwalimu wao anataka waikariri yote pamoja na maana zake, mwisho Ijumaa. Nikavaa miwani, nikaisoma. Maana zote ni sahihi, sikuona kosa. Nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia kwamba misemo hiyo mimi niliijua karibu yote kabla sijafikisha miaka ishirini na mitano, na kujua kwangu kulimpotezea mtu mkono. Akanitazama kama watoto wanavyomtazama mzee aliyeanza kuzeeka vibaya, kisha akaenda jikoni kusaidia kumenya viazi. Basi nawaandikia nyinyi wengine, ambao hamna viazi vya kumenya.

Nilikuwa mkalimani katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile baada ya vita ya pili ya Wazungu. Jina la mgodi siwapi, wenyewe walishakwenda zao. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya meneja, Mwingereza ambaye Kiswahili chake kilianzia kwenye "lete" na kuishia kwenye "upesi," na wachimbaji, wengi wao Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza, ambao Kiswahili nao waliazima tu kwa ajili ya kazi. Meneja tulimwita Bwana Haraka. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa hawezi kusema jambo moja kwa moja. Kila alichotaka kusema alikipitisha kwanza kwa mnyama, au kwa chombo cha jikoni, au kwa hali ya hewa.

Wiki yangu ya pili alitoka ofisini asubuhi, uso mzito, akaniambia niwaarifu manyapara kwamba mzee Lusana, mlinzi wa pampu ya maji, ameipiga ndoo teke. Nikawaarifu. Manyapara wakatazamana. Mzee Lusana alikuwa mtu mpole, hata mbuzi wa jirani akiingia shambani kwake alimtoa kwa maneno. Mmoja akauliza ni ndoo gani. Ningeweza kurudi ofisini nikauliza, lakini nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi na niliona aibu. Nikasema ni ndoo ya pampuni. Wakakaa kikao kifupi, wakamtuma mtu akaikague. Akarudi akasema ndoo zote tatu ni nzima. Wakaafikiana kwamba mzee aonywe tu, kwa kuwa ni kosa la kwanza. Aliyekwenda kumwonya ndiye aliyekuta watu wanalia nyumbani kwake. Mzee Lusana alikuwa amefariki alfajiri.

Mkalimani mkuu wakati huo alikuwa Mzee Feruzi, Mwislamu wa Tabora, aliyevaa kanzu na koti juu yake hata jua likiwa la utosi. Alianza kazi hiyo kijana kabisa, zamani za Wajerumani, na alisema Wajerumani walikuwa rahisi zaidi kwa sababu walikuwa wanasema wanachotaka. Kwa habari ya ndoo hakunifokea. Alinipeleka msibani kwa mzee Lusana, akanikalisha kwenye mkeka katikati ya manyapara wale wale, tukakaa mpaka jioni. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Tulipokuwa tunarudi ndipo akanifundisha kazi. Kwanza, usisimame katikati ya watu wawili, simama nusu hatua nyuma, upande, ili watazamane wao. Wakikutazama wewe wataanza kugombana na wewe. Pili, usipoelewa uliza, lakini usiulize maana. Mwingereza ukimwuliza maana ya msemo atakueleza kwa msemo mwingine. Muulize anataka mtu huyu akitoka hapa akafanye nini, hapo atalazimika kusema. Tatu, wewe ni mpagazi. Babu zake Mzee Feruzi walikuwa wapagazi wa misafara ya Tabora, kwa hiyo hilo alilisema kwa ukali kidogo. Mpagazi hafungui mzigo njiani akapunguza kwa sababu anamwonea huruma anayepelekewa.

Mawili ya kwanza niliyashika siku hiyo hiyo. La tatu nililiona ni la wazee.

Nikanunua daftari, nikalipiga mistari mitatu ya kusimama. Mstari wa kwanza msemo wenyewe, wa pili nani kausema, wa tatu alifanya nini baadaye. Huo mstari wa tatu ndio shule, na haumo kwenye karatasi ya mjukuu wangu. Kwa mfano, Bwana Haraka akisema atalilalia jambo, kesho yake jibu lilikuwa hapana. Akisema mpira sasa uko upande wako, ujue keshachoka na wewe. Akimwambia mtu ajitie ndani ya viatu vyake, hataki ushauri, anataka kuonewa huruma. Mkewe alisema anavunja barafu, kisha akawamiminia chai wageni wawili kutoka Mwanza waliokuwa wamekaa kimya kama wako kanisani. Barafu yenyewe wengi wetu hatukuwahi kuiona, lakini tangu siku hiyo nilipomwona mama yule anashika birika nilijua kuna watu hawajazoeana.

Kwa njia hiyo nikafika mahali ambapo msemo mpya ukinifikia naujua kabla haujamaliza kutamkwa. Mzee Feruzi akastaafu, akahamia Shinyanga mjini kwa binti yake, nami nikapewa nafasi yake na meza yake. Hapo ndipo ujuzi uliponiharibu.

Mchimbaji mmoja aliomba ruhusa kwenda kumzika bibi yake, bibi yule yule tuliyempa ruhusa ya kumzika mwaka uliotangulia. Bwana Haraka akasema mwambie akaruke ziwani, yaani amwondokee hapo. Nikamwambia kwamba Bwana anasikitika sana kwa msiba, lakini kazi ni nyingi. Akashukuru, akarudi shimoni. Bwana Haraka akashangaa jinsi alivyolipokea vizuri. Upande wa pili mambo yalikuwa hayo hayo. Wachimbaji wakisema Bwana huyu ana masikio ya kupambia kofia, mimi nilimwambia Bwana kwamba wangependa kusikilizwa zaidi. Kila upande uliona mwenzake amekuwa mstaarabu. Watu wakasema tangu Karani huyu, maana ndivyo walivyoniita, ashike kazi hakuna ugomvi mgodini. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Nanyi msinicheke. Kwetu huwezi kumsimamisha mtu mzima ukamwambia usoni, mbele ya vijana wake, kwamba anatia chumvi au anadanganya. Hata ukitumwa. Unalizungusha, unalifunika, mwenyewe atalifunua akifika nyumbani. Mimi nililelewa hivyo na mama yangu pale Ibadakuli, na sikuona kwa nini Kiingereza kije kunitoa adabu.

Baadaye sana, nilipokuwa mkalimani wa mahakama Shinyanga, aliletwa mchimbaji wa almasi kutoka Maganzo, mzee wa mvi tupu, na hakimu akamwambia maneno makali ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mjukuu wangu anasoma. Nikayatafsiri yote, moja baada ya lingine, kwa sauti ile ile. Ukumbi mzima ulinichukia. Dada yake yule mzee alinisubiri nje, akaniuliza kama nina mama. Nikamjibu ninaye. Nawaambia hili ili mjue kwamba nilikuja kubadilika, na sasa nawaambia kilichonibadilisha.

Nyapara wa shimo la pili aliitwa Masanja. Alikuwa rika la baba yangu, na Jumapili nyingi alinialika kwake tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga na maziwa ya mgando. Alikuwa mtu wa kuongea polepole. Akija ofisini alivua kofia, akasema "Mwangaluka," akauliza hali ya mke wa Bwana, kisha hali ya watoto wa Bwana walioko Ulaya, mmoja mmoja, ndipo afike kwenye lililomleta. Bwana Haraka wakati wote huo alikuwa anatazama saa.

Asubuhi moja Masanja alikuja hivyo. Alipomaliza watoto wa Bwana alisema mwamba wa chumba cha ndani unaongea. Alisema nguzo mbili zimepinda tangu jana. Alisema vumbi linadondoka kutoka juu bila mtu kugusa, na panya aliozoea kuwaona wakati wa kula wamehama. Aliomba nguzo nane, na aliomba watu wake wasichimbe mle mpaka ziwe zimesimamishwa. Aliyasema yote hayo kwa Kisukuma, kwa utaratibu, na mimi niliyaelewa yote.

Bwana Haraka alikuwa na wageni wanakuja mchana. Akaniuliza mzee anataka nini. Nikasema anaomba nguzo, anasema kuna sauti kidogo mle ndani. Nguzo zilizopinda sikuzitaja, panya sikuwataja. Hilo "kidogo" niliongeza mwenyewe. Mpaka leo sina sababu ya kuwapa, ni mazoea tu. Sisi tukiomba maji tunaomba kidogo, tukiumwa tunaumwa kidogo.

Bwana Haraka akasema nimwambie mzee aache kugeuza kifusi cha fuko, yule mnyama wa chini ya ardhi, kuwa mlima.

Msemo huo ulikuwamo daftarini mwangu, nilishausikia mara nne, na katika mstari wa tatu nilikuwa nimeandika kwamba baada ya hapo hatoi kitu. Kwa hiyo sikuwa na shida ya kuelewa. Mzee anakuza mambo, nguzo hapati, arudi kazini. Nikamtazama Masanja, kofia mkononi. Vijana wake sita walikuwa wamesimama mlangoni nyuma yake, wanasikiliza. Nikasema:

"Bwana amekusikia, baba. Anashukuru. Atalishughulikia."

Uso wa mzee ukachanua. Akaniambia nimsaidie kumshukuru Bwana. Nikamshukuru Bwana kwa niaba yake, na Bwana akatikisa kichwa, ameridhika. Kila mtu akatoka pale ameridhika.

Masanja akawaambia vijana wake kwamba nguzo zinakuja, kwa hiyo waingie wasafishe mahali pa kuzisimamisha, zikifika zisikute uchafu. Alifanya kama mtu yeyote mwenye akili aliyeahidiwa kitu. Saa tano dari likashuka. Watano walikuwa karibu na njia, wakatoka na mikwaruzo. Wa sita alikuwa Shija, kijana wa Kagongwa aliyeoa mwaka huo huo. Mwamba ulimlalia mkono wa kulia juu ya kiwiko, akabaki amebanwa humo mpaka saa tisa.

Mimi nilikuwa mdomoni mwa shimo natafsiri. Bwana Haraka alikuja bila kofia, wageni wake wamebaki na chai yao, na saa zote hizo hakutoa msemo hata mmoja. Alisema leteni nguzo. Alisema leteni kamba. Alisema muulizeni kama anapumua. Kiingereza chake kilikuwa rahisi mno, angekielewa hata mtoto wa darasa la nne, na bado maneno yalikuwa yananiponyoka.

Baada ya wiki moja akaja mkaguzi wa migodi, Mzungu mwingine, mwembamba, mtu wa kuandika. Meza ikawekwa ofisini. Upande mmoja Bwana Haraka, upande mwingine Masanja, na mimi nusu hatua nyuma. Jambo lenyewe lilikuwa wazi: nyapara aliingiza watu chini ya mwamba mbovu bila nguzo, na ikithibitika alifanya hivyo kwa kujua, angepelekwa mahakamani. Masanja alikuwa na wake wawili na watoto tisa, na hakuwahi kushitakiwa hata kwa mbuzi.

Bwana Haraka alieleza kwa haki. Alisema mzee alimletea habari ya sauti kidogo, akaomba nguzo, naye akamkatalia. Mkaguzi akaandika. Kisha akaniambia nimwulize nyapara: kama alikataliwa nguzo, na mwenyewe alijua mwamba ni mbaya, kwa nini aliingiza watu?

Nikamwuliza. Hilo nilimpelekea lilivyo, sikuwa na pa kulificha. Masanja hakumjibu mkaguzi. Aligeuka akanitazama mimi, na Mzee Feruzi alikuwa amenionya kuhusu siku watakayonitazama mimi.

"Nani alinikatalia?" akasema.

Mkaguzi akasubiri tafsiri. Mkalimani hana kauli yake, ndiyo sheria ya kazi, na kwa muda mfupi niliitafuta njia ya kujificha nyuma ya sheria hiyo. Niliogopa. Ningeweza kumwambia mkaguzi kwamba mzee hakumbuki vizuri, na pale ofisini hapakuwa na mtu wa kunikanusha, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasikia pande zote mbili isipokuwa mimi. Yule mzee alikuwa ananitazama kama anavyonitazama Jumapili akinisogezea bakuli.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba nyapara alileta habari za nguzo zilizopinda, vumbi na panya, nami sikuzifikisha. Nikasema kwamba Bwana alikataa, na kukataa huko nako sikukufikisha. Kisha nikayarudia yote kwa Kisukuma. Bwana Haraka akakaa chini taratibu. Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

Masanja hasira hakuwa nayo, na afadhali angekuwa nayo.

"Sasa siku ile alisema nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya fuko na mlima, na nikamwambia maana yake, kwamba Bwana alimwona mtu mzima anayekuza mambo. Akatikisa kichwa kidogo kidogo, kama anapima mzigo mgongoni.

"Ungeniambia hivyo nisingeingiza mtu," akasema. "Ningekaa nao nje tukafukuzwa wote."

Masanja hakushitakiwa. Mimi kazi yangu iliisha siku hiyo hiyo, na ilikuwa haki. Mkaguzi aliniandikia barua ya kupeleka Shinyanga, mahakamani, akaandika kwamba huyu amekosea vibaya na amesema mwenyewe, na kwamba wakalimani waliokosea anawajua wengi, waliosema wenyewe ni wachache. Lakini kabla ya kupanda lori la Shinyanga nilikuwa na mahali pa kupita.

Shija alikuwa hospitalini, wodi ya mwisho. Mkono ulishakatwa chini kidogo ya kiwiko… hapana, nasema uongo, ulikatwa juu ya kiwiko, naona bado nina ugonjwa wa kupunguza. Yaliyosemwa mbele ya mkaguzi hakuwa ameyasikia. Aliponiona akajitahidi kukaa.

"Shikamoo Karani," akasema, akanyoosha mkono wa kushoto, kisha akaniomba radhi kwa kunipa wa kushoto.

Aliniomba radhi mimi. Nikaupokea, nikakaa kwenye kitanda, na nikamweleza. Sikuanza na hali ya nyumbani wala ya mvua. Nilimwambia alichosema Masanja, alichosema Bwana, na nilichosema mimi. Aliniambia nirudie, polepole. Nikarudia. Akageuza uso ukutani, nikajua sasa atanifukuza, nikawa namwomba Mungu anifukuze haraka.

Alipogeuka aliniuliza kama hapo nimesema yote, sijapunguza. Nikamwambia sijapunguza.

Ndipo akaniambia kwamba jana yake daktari alisimama pale mlangoni na dresa, yule mfunga vidonda, akasema neno kwa Kiingereza huku akimtazama yeye. Alimwuliza dresa daktari kasema nini, dresa akacheka, akamwambia utapona upesi, ndugu yangu. Alimwuliza mara tatu, akapewa jibu lile lile na kicheko kile kile.

"Sikuamini," akasema. "Nenda kamwulize wewe."

Nikamkuta daktari ananawa mikono. Alisema kijana bado hajatoka msituni. Nikamwambia sitaki msitu, nataka nijue mwilini mwake kuna nini na kesho atafanywa nini. Akanitazama, akaendelea kunawa, kisha akaniambia. Uozo unapanda. Kesho asubuhi lazima wakate tena, begani. Mwili wake umechoka, huenda asiamke. Wasipokata, hataimaliza wiki.

Kutoka pale mpaka kitandani kwa Shija ni hatua kama ishirini. Katika hatua hizo maneno laini yote ninayoyajua yalinijia kichwani, ya Kisukuma na ya Kiswahili, yamejipanga yenyewe. Nikafika, nikakaa, nikamwambia uozo unapanda, kesho wanakata begani, huenda usiamke, na wasipokata utakufa. Neno halikupungua.

Shija alitazama dari. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Halafu akavuta pumzi, kama mtu ambaye hatimaye ameonyeshwa mahali alipo.

"Mke wangu yuko nje, anapika," akasema. "Niitie. Nina mambo ya kumwachia. Na wewe usiondoke, Karani. Naye mwambie hivyo hivyo."

Nikatoka, nikamwita, nikamwambia hivyo hivyo.